Walisema Nakula Sukari kwa Siri

Kwa miezi kadhaa watu wanaonipenda waliamini kuwa mimi ni mwizi wa sukari. Mimi Tusekile, mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, mzee wa kanisa, bibi wa wajukuu wanne, nilipekuliwa mkoba na binti niliyemzaa mwenyewe. Naandika haya kwa sababu hatari imepita, au tuseme imerudi nyuma hatua kadhaa, na kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani amekaa kwenye benchi la kliniki anaambiwa, "Mama, wewe hufuati masharti," naye ameyafuata mpaka mifupa ya mabega imemtoka. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine mtanisamehe sauti ikipanda. Hasira haijaniisha, na sina haraka ya kuachana nayo.

Tunaishi Makwale. Mume wangu, Ambakisye, ana shamba la kakao nyuma ya nyumba, na bondeni tuna majaruba ya mpunga tuliyoachiwa na wazazi wake. Ni mtu wa maneno machache. Akikuambia sentensi mbili kwa siku, ujue siku hiyo ana furaha.

Ilikuwa Februari, mvua imeshika kwelikweli, paa la bati linapiga kelele mpaka unafundisha kwa kupayuka. Nilikuwa darasa la tano, ubaoni, nagawanya sehemu. Chaki ikanidondoka. Nikainama kuiokota, mkono haukuja. Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Watoto wakacheka, wakidhani nawachezea, mpaka msichana mmoja wa mbele akasema taratibu, "Mwalimu, mdomo wako umeenda pembeni."

Haikuchukua nusu saa, kila kitu kikarudi mahali pake. Mwalimu mkuu hakutaka kusikia habari za "nimepona." Akaita bajaji, nikapelekwa hospitali. Wakapima hiki na kile, wakaniambia ni kiharusi kidogo, cha kupita, kimekuja kubisha hodi tu. Presha ilikuwa juu. Mafuta kwenye damu yalikuwa mengi kupita kiasi. Sukari, kabla ya kula, ilikuwa sita nukta nne, na daktari wa kliniki akasema, "Sukari yako haina shida." Nayashika maneno hayo. Naomba na wewe unayesoma uyashike.

Nikapewa vidonge vya aina tatu: cha presha, cha kulainisha damu isigande, na kimoja cheupe, kirefu kidogo, cha mafuta. "Hiki cha mafuta ni jioni, kila siku, maisha yako yote," akasema daktari. Nikamuuliza swali. Nataka ijulikane kwamba niliuliza. Nilisema, "Daktari, kina madhara yoyote ninayopaswa kuyaangalia?"

Hakuinua uso. "Mwalimu," akasema, "hapa wewe ni mgonjwa. Ukitoka nje ndio utakuwa mwalimu tena."

Wagonjwa waliokuwa mlangoni wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba na mimi nilicheka.

Nikafuata kila nilichoambiwa. Sisi watu wa Kyela tumelelewa na mawese, na mimi niliyaacha. Nikaacha ngozi ya kuku, nikaacha maandazi ya asubuhi pale ofisini kwetu. Nikawa naenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, matope yakinifika kwenye vifundo. Nguo zikaanza kunipwaya. Tumpe, binti yetu mkubwa, alikuwa ameacha kazi yake Mbeya akarudi nyumbani kunitazama, na siku zile tulikuwa tunacheka naye. Alinipunguzia sketi mbili kwa mkono, akaniambia nimekuwa kama msichana wa kipaimara.

Kisha ikaja Mei, mpunga unavunwa, siku yangu ya kliniki ikafika.

Anayeijua kliniki anajua. Unafika alfajiri, unaweka kadi yako juu ya rundo la kadi, unakaa. Benchi ni moja refu, na mtu akiitwa mbele, wote mnasogea, mnaburura makalio kama watoto wanaojifunza kukaa. Hujala kitu. Kila mtu ana kachupa kake ka chai na viazi vyake kwenye kimfuko, anavisubiri kuliko anavyomsubiri daktari. Mimi nilikuja na Tumpe.

Nesi akanitoboa kidole, akaangalia mashine, akanitazama. "Mama, umekunywa chai?"

"Sijanywa chochote."

"Mama, niambie tu ukweli. Sikuchapi."

"Sijaweka kitu mdomoni tangu jana jioni."

"Mbona mashine inasema saba nukta mbili?" Akaigeuza waone hata waliokaa nyuma. "Hawa wanafunzi wako wakikudanganya hivi, unawafanyaje?"

Benchi zima likacheka, na safari hii mimi sikucheka. Nilimtazama Tumpe nikitegemea aseme kitu, aseme tulikuwa wote tangu jioni. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Ndani, daktari akasema neno moja: "Wali." Nipunguze wali, nipunguze ndizi, niache soda. Nikamwambia soda sijanywa tangu Februari. Akaandika kitu kwenye kadi. Nilipotoka nikakisoma, maana kusoma ndiyo kazi yangu. Aliandika: *Hafuati masharti ya chakula.*

Tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa yangu. Kopo la sukari likahamia chumbani kwa Tumpe, chini ya kitanda. Mgeni akija, mimi mwenye nyumba namwita binti yangu: tuletee sukari. Akipakua chakula, anapima wali wangu kwa kikombe cha chai, anausawazisha juu kwa kisu. Sijui kama asiye wa Kyela anaelewa. Ni msimu wa mavuno, wali mpya uko jikoni, harufu yake unaikuta njiani kabla hujafika mlangoni, na wewe uliyeupanda kwa kuinama unahesabiwa punje mbele ya mashemeji zako. Na vijiko vile vichache nilivila taratibu, kwa heshima, kwa sababu nilitaka kupona.

Juni, saba nukta nne.

Mwenye duka la pale njia panda akanivuta pembeni siku moja, ameona aibu kwa niaba yangu. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Binti yako alikuja kuniuliza kama huwa unanunua soda kwangu. Nimemwambia hapana. Nimeona nikuambie."

Nikarudi nyumbani. Nilimkuta Tumpe uani, mkoba wangu wa shule uko mapajani pake, umefunguliwa, na mkononi ameshika karatasi ya pipi.

"Hii nini, mama?"

"Ni ya mtoto wa darasa la tano. Nilimnyang'anya akila darasani."

"Na pipi yenyewe iko wapi?"

"Aliimeza, Tumpe! Ungetaka nimtapishe?"

Akaanza kulia. Akasema ameacha kazi yake, ameacha chumba chake Mbeya, amekuja kuniuguza, na mimi najiua taratibu kwa pipi. Nikamwambia ainuke aniachie mkoba wangu. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Ambakisye alikuwa anaanua kakao kutoka kwenye majamvi, mvua inataka kunyesha. Nikamgeukia.

"Baba Tumpe, na wewe unaamini?"

Akaendelea kukusanya mbegu kwa viganja. Mwishowe akasema, "Mashine haina ugomvi na mtu, Mama Tumpe."

Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na mitatu. Afadhali angenipiga.

Kesho yake nikanunua daftari la mistari, kurasa mia, nikanakili kwanza vipimo vyote vya tangu Februari. Nikaandika kila kilichoingia kinywani mwangu: gimbi moja la kuchemsha, samaki mbasa kipande cha mkia, mboga ya maboga, chai bila sukari. Nikaandika nimetembea kutoka wapi mpaka wapi. Jirani yetu tunayesali naye ana mashine yake ya kupimia sukari, na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kula, akawa ananipima, naandika mbele yake. Julai nikaenda na daftari lile kliniki. Nililibeba kifuani kama cheti. Nikalifungua mbele ya daktari, kwenye meza yake.

Alilisukuma kwa kidole kimoja. "Mama, karatasi inakubali chochote."

Saba nukta sita. Akasema nikirudi Septemba ikiwa vilevile, ananianzishia dawa ya sukari.

Sasa nifike Agosti. Nina dada, binti wa baba yangu mkubwa, ameolewa Karonga, upande wa pili wa mto Songwe. Anaitwa Eliza. Anafanya biashara ya vitenge, anavuka mpaka kama wewe unavyovuka barabara. Alikuja kwenye msiba wa shangazi yetu, akalala kwetu. Jioni baada ya chakula akafungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge, akameza kimoja. Ninakijua kidonge kile hata gizani.

"Na wewe una mafuta kwenye damu?" nikamuuliza.

"Mwaka wa tatu huu. Na sukari inanisumbua kidogo, lakini waliniambia."

"Walikuambia nini?"

"Siku ile ya kwanza kabisa. Dada mmoja wa kule kliniki alinikalisha akaniambia: mama, kidonge hiki ni kizuri kwa moyo, ila kinaweza kuisukuma sukari juu kidogo, hasa kama ulikuwa karibu na mstari. Ukiona imepanda usiogope, na usiache, njoo tuizungumze." Akanitazama. "Wewe hawakukuambia?"

Nilikuwa nimeshika bilauri ya maji. Nikaiweka chini. Miezi yote ile! Kadi imeandikwa hafuati masharti, mtoto wangu ananipekua, mume wangu anaiamini mashine kuliko mdomo wangu, na kumbe kuna mtu ng'ambo ya mto kaambiwa kwa sentensi mbili, siku ya kwanza, kabla hata hajauliza. Mimi niliuliza.

Hapa nakuja kwenye kosa langu, na sitalifunika. Eliza aliposema "usiache," mimi sikulisikia neno hilo. Nilisikia la sukari tu. Jioni ile sikumeza kidonge cheupe. Wala kesho yake. Kila jioni nilikitoa kwenye pakiti mbele ya Tumpe, nikakitia kwenye mfuko wa gauni, asubuhi nikakitupa chooni shuleni. Walinisingizia siri wakati sina. Basi nikawapa ya kweli.

Daftari langu likaanza kubadilika. Saba nukta tatu. Saba kasoro. Septemba, kliniki, mashine ikasema sita nukta saba. Na daktari yule yule, Mungu ananisikia, akatabasamu akageuka kwa wanafunzi wa uuguzi waliosimama naye. "Mnaona? Mgonjwa akiamua kuacha kula ovyo, sukari inashuka yenyewe. Hongera, mama."

Nilipongezwa kwa kuacha uovu ambao sikuwahi kuufanya. Nyumbani Tumpe alinikumbatia. Kopo la sukari likarudi jikoni. Ambakisye alichinja jogoo. Nikala nyama ile na wali kikombe kizima, nikiwaangalia wanavyofurahi.

Oktoba ziwa lilikuwa limetulia. Tumpe alikuwa amechumbiwa, na nilitaka akiolewa aondoke na vyungu vya Ikombe, vya mkono, kama nilivyoondoka navyo mimi. Tukashuka mpaka Matema, tukapanda mtumbwi, tukaambaa na mlima kwenda Ikombe. Bibi mmoja mfinyanzi alitupokea, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, akatuonyesha vyungu vyake vilivyopangwa juani. Nikachagua kimoja cha kupikia mbasa, nikakiinua, nikataka kumwambia Tumpe agonge asikie mlio wake. Yaliyotoka mdomoni hayakuwa maneno. Yalikuwa kama uji. Chungu kikaniponyoka, kikapasukia miguuni pangu, na mguu wa kulia ukafuata.

Nilimsikia yule bibi anapaza sauti, "Leteni mtumbwi! Mama wa watu anaugua!" Akanishika kichwa kwa mikono yake ile ya udongo, akanilaza ubavu. Nikapakizwa. Wakapiga makasia wanaume wanne, maji yanaruka, mlima unapita juu yangu, na kichwa changu kiko mapajani pa Tumpe. Analia, ananiinamia, machozi yake yananidondokea machoni, anauliza, "Mama, umekula nini? Umekula nini, mama? Niambie!"

Na mimi siwezi kusema. Njia nzima ile, mwanangu ananiuliza nimekula nini, na ulimi uko kinywani kama samaki aliyekufa. Nimepita katika mengi, lakini kama kuna saa moja ya maisha yangu ningeomba ifutwe, ni ile.

Hospitali tuliyofikishwa, ya upande ule wa ziwani, nilikutana na daktari mwanamke, mdogo hata kuliko Tumpe, miwani inamteleza puani. Siku ya tatu maneno yalianza kurudi, moja moja, yamevunjika. Ambakisye alikuwa amefika, ameniletea nguo kwenye kikapu, na bila kujua alikuwa ametia na daftari langu. Daktari akaliona kitandani. Akaniuliza kama anaweza kulisoma. Akavuta kiti, akaketi, akasoma. Hakurukaruka. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, mimi namtazama, Tumpe na baba yake wamesimama miguuni pa kitanda.

Akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Mwalimu, hapa katikati ya Agosti ulibadilisha nini? Chakula ni kilekile. Mwendo ni uleule. Sukari imeshuka."

Tangu Februari, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali akasubiri jibu. Na jibu lilichelewa, maana ulimi ulikuwa bado mzito. Alisubiri.

"Nili... acha... cheupe."

"Cha mafuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavua miwani. Akamgeukia Tumpe na baba yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama yenu hakudanganya. Kidonge kile kinaweza kupandisha sukari kidogo kwa baadhi ya watu, hasa ambaye yake ilikuwa imekaribia mpaka, na ya mama ilikuwa imekaribia tangu mwanzo. Alichokiandika humu ni kweli." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini, mwalimu, mishipa yako ilikuwa inakihitaji. Siwezi kukuapia kwamba kuacha ndiko kulikoleta kiharusi hiki. Naweza kukuambia kuwa hukupaswa kukiacha peke yako. Sukari iliyopanda kidogo tunaipima, tunaishusha. Kiharusi kikija, kinachukua na hakirudishi."

Nilimkasirikia na yeye, nakiri. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu ilichukua dakika chache tu kuisema. Tumpe alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona ameegemea ukuta, amejifunika uso kwa kanga. Ambakisye alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Nikarudishiwa kidonge cheupe. Nikaongezewa na kidogo cha sukari, na ratiba ya kupima. Mguu ulirudi kabla ya Krismasi. Mkono wa kulia umerudi nusu. Nilikuwa na mwandiko ambao wakaguzi waliita walimu wengine waje kuuona ubaoni. Sasa herufi zangu zinalala kama mpunga uliopigwa na upepo, na ukurasa mmoja wa haya unayosoma ni kazi ya siku nzima. Shule wamenipa kazi ya maktaba. Kabati mbili za vitabu na funguo.

Tumpe ndiye aliyeniogesha wiki zile. Siku moja alikuwa ananikata kucha za mkono usiosikia, ameinama, sioni uso wake. Akasema kwa lugha ya kwetu, kama alivyokuwa ananiita alipokuwa mdogo, "Juba." Mama. Akakata ukucha mwingine. "Juba, ningekuamini, ungeniambia umeacha dawa."

"Ningekuambia," nikasema. Alimaliza kucha, akazikusanya, akaenda kuzitupa.

Na kutoka Ikombe, wiki mbili kabla ya arusi, likaja furushi kwa mtumbwi kisha kwa pikipiki: chungu cha kupikia mbasa, kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Yule bibi alikuwa ametengeneza kingine badala ya nilichokivunja. Hakutuma neno lolote. Ndaga fijo, bibi, asante sana, popote unapofinyanga leo.

Januari nikarudi kliniki ile ya kwanza. Kwa miguu yangu, na fimbo. Daktari yuleyule. Nikamwambia yote, polepole, kwa ulimi wangu huu wenye breki. Sikumtukana. Nilimuuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?"

Alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango uko pale. Kisha akasema, na naamini alisema kwa moyo mweupe, "Mama, tukiwaambia, mnaacha dawa."

"Mimi niliacha kwa sababu hukuniambia!" Sauti ilinitoka, benchi zima huko nje likanyamaza. "Nililisikia kwa dada yangu, baada ya sahani ya ugali, badala ya kulisikia kwako kwenye kiti hiki! Ungeniambia wewe, ningekuja kwako. Uliniandika mwongo, basi mwongo angekuja kukuambia nini?"

Nikamwomba kadi yangu ya mwaka uliopita. Nikamwonyesha mahali alipoandika hafuati masharti. Nikamwambia afute. Akasema kadi haifutwi. Nikamwambia basi aandike chini yake. Tulikaa pale tukitazamana, mimi na fimbo yangu, watu wanasubiri. Aliandika. *Mgonjwa alifuata masharti.* Akatia sahihi. Sikumshukuru.

Wapo wanaoniambia nimshukuru Mungu nimepona, niache mambo ya zamani. Namshukuru kila asubuhi. Lakini Mungu siye aliyenyamaza kwenye kile kiti. Kwa wewe uliyepewa kidonge cheupe: kimeze. Usifanye nilivyofanya mimi. Ila pimwa sukari kabla hujaanza, na uendelee kupimwa, na ikipanda, kabla hujakubali kuitwa mlafi, uliza. Ukichekwa, usicheke nao. Uliza tena.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kipupwe, Ambakisye alianza kulalamika kifua kinambana akipanda mlima wa shambani. Nikampeleka. Walipima, wakakuta na yeye mafuta yamezidi. Tukaingia pamoja kwa daktari yule yule, ndiye aliyekuwepo. Akachukua kalamu, akaanza kuandika jina la kidonge ninachokijua.

Mume wangu aliweka mkono wake juu ya karatasi. Mkono mweusi wa shamba, kucha zina utomvu wa kakao. Akafunika mahali palipokuwa panaandikwa.

"Daktari," akasema, "na sukari je?"

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa pembeni na fimbo. Akaweka kalamu chini. Akaegemea kiti, akaeleza. Kidonge kinafanya nini kwenye mishipa. Kinaweza kufanya nini kwenye sukari, kwa watu gani, kiasi gani. Tupime lini. Ikipanda tufanye nini, na kwa nini asiache. Alieleza vizuri, nitampa haki yake, kwa Kiswahili chepesi ambacho darasa la tano wangekielewa. Mume wangu akauliza jambo moja, akajibiwa. Kisha akaondoa mkono, na karatasi ikaandikwa.

Ukutani kulikuwa na saa. Mimi nilikuwa naitazama. Hazikufika dakika tatu.

Tulipotoka nje, Ambakisye alikwenda hatua chache kisha akasimama kunisubiri, maana natembea polepole. Alikuwa ameshika kimfuko cha dawa kwa mikono miwili.

"Mama Tumpe," akasema, "kumbe ni maneno machache hivyo?"

Nilikuwa nalia katikati ya uwanja wa hospitali, mchana kweupe, watu wananipita na kuniambia pole mama, Mungu atakusaidia, wakidhani nimefiwa. Nilikuwa nalia kwa hasira, na mume wangu akanishika mkono ule usiosikia vizuri, akasimama na mimi mpaka nilipomaliza.